Kondoo Mwekundu wa Kitengela

Kajiado
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Na hapana, sijakonda! Hilo swali ulilomtuma Lorna aniulize nimelicheka mpaka Koinet akaacha kunawa uso akaja kuona nimepatwa na nini. Ningemwambiaje? Kwamba mama mkwe wake anadhani Wamaasai wananilisha upepo? Mama, hapa chai ni maziwa matupu. Siku hizi Lorna ananiita mama mwenye nyumba kwa nilivyonenepa.

Mume wangu hajambo. Mume wangu! Bado nikiandika maneno hayo mawili nasimamisha kalamu niyaangalie kwanza. Miezi miwili sasa, na jioni nikisikia pikipiki inakata kona kwenye mawe, moyo unaruka kana kwamba anakuja kunichumbia leo. Unajua kule Isinya anafanya kazi kwenye shamba la maua. Waridi lenye shina lililopinda halipelekwi ng'ambo, linatupwa. Basi kila Ijumaa Koinet anaokota yaliyopinda, anayafunga kwa kamba, ananiletea. Nimejaza mikebe, nimejaza sufuria, juzi nimeweka mengine kwenye ndoo ya kuogea. Jirani alipita akachungulia akauliza, "Poleni, mmefiwa na nani?" Nikamwambia hatujafiwa, tumeoana.

Na mama yake! Asubuhi kabla ya chuo napita kwake, maana nyumba yetu iko boma moja na ya wazee. Ananiambia, "Takwenya, Paker!" Nami naitikia, "Iko, Paker!" Jina lake ni Soila lakini mimi simwiti hivyo, wala yeye haniiti Kavata. Siku niliyofika kama bibi harusi alinipa kondoo jike, na tangu hapo tunaitana Paker, yeye mimi na mimi yeye, kwa sababu ya yule kondoo. Ameniambia kwao mbuzi anachinjiwa mgeni yeyote anayepita, lakini kondoo ndiye wa baraka. Kwa hiyo sasa unaelewa, Mama, ilikuwa heshima gani walipomletea Baba yule dume mwekundu mwezi wa kumi na moja. Baba mkwe alimchagua mwenyewe. Kaka yake alikuwa anamtaka, akamnyima.

Chuoni tunaendelea. Wiki hii tulitengeneza vifaa vya kufundishia watoto kwa maboksi na vifuniko vya soda. Halafu Madam Ajwang anatufanya tuwe watoto wa chekechea, watu wazima na ndevu zao wanaimba habari za sungura. Aliniambia, "Kavata, punguza tabasamu, watoto watadhani kuna keki." Na kwenye CU, ule umoja wetu wa Wakristo chuoni, bado mimi ndiye ninayeongoza nyimbo za sifa. Nikisimama mbele pale Jumatano, namshukuru Mungu kwa sauti mpaka kioo kinatetemeka.

Kiuno cha Baba kimepona? Kila asubuhi nakiombea tangu siku ile ya harusi aliposhindwa kuja. Mjomba Kyule alinisindikiza vizuri mpaka madhabahuni, lakini haikuwa sawa. Simu ya Baba naipiga haishikwi, nadhani yuko juu ya ukuta na mwiko mkononi. Na yako, je, spika imetengenezwa? Mpaka itengenezwe nitaendelea kumtwika Lorna barua kila Ijumaa akija kwao Kitengela. Njooni mnitembelee. Nataka Baba aone nilivyopendwa.

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi,
Kavata


Kitengela
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwiitu wakwa,

Barua yako nimeisomea hapa kibandani kwangu, mteja amesimama anangojea sketi za shule. Nimecheka hiyo ya kufiwa. Nimefurahi unakula.

Baba yako hajambo. Kiuno kinaendelea. Amepata kazi ya ukuta wa mtu kule nyuma, anaondoka mapema na akirudi amechoka, kwa hivyo usimsumbue sana na simu. Yangu bado ni mbovu. Fundi anasema wiki ijayo.

Umeuliza kuhusu kuja. Tutaona.

Kondoo yuko. Anakula. Baba yako amemfunga karibu na tangi la maji na watoto wa hii ploti wamempa jina, wanamwita Bwana Harusi. Wiki iliyopita alikata kamba akaingia bustanini kwa mama Makena akamaliza sukuma wiki yote. Mama Makena alikuja hapa ameshika mashina matupu, akaniambia, "Kamene, huyu mkwe wako ana meno." Alhamisi pasta alikuja kutuombea, akainama kufungua kiatu mlangoni, na kondoo akamwona ameinama. Yaliyofuata sitaandika. Baba yako alicheka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, halafu akakumbuka akanyamaza.

Nauliza tu, hao wakwe zako hawajasema kama wana mpango wa kurudi huku siku moja? Sina maana yoyote. Nauliza tu.

Soma sana. Na hizo nyimbo, mwanangu, si lazima kila mara uwe mbele. Wengine pia wana sauti.

Mama yako,
Kamene


Kajiado
Alhamisi, 13 Februari 2025

Mama,

Mara hii sina maua ya kukusimulia.

Jana jioni tulikuwa kwenye maombi ya CU. Nimemaliza kuongoza nyimbo, jasho linanitoka, nimefurahi, nimekaa. Wakafungua nafasi ya mahitaji ya maombi. Mmoja akaomba tumwombee nyanya yake, mwingine mtihani. Halafu Lorna, rafiki yangu, huyu huyu anayekuletea barua, akasimama amefumba macho akasema, "Tumwombee dada yetu Kavata, baba yake aikubali ndoa yake."

Mama, nilidhani kuna Kavata mwingine.

Nikamvuta nje. "Lorna, umesema nini?"

"Pole, nilidhani unajua. Mama yangu amesema kanisani kwenu wote wanajua. Baba yako alisema hujaolewa."

"Sijaolewa? Ulikuwa unashika gauni langu!"

"Mimi sijasema, Kavata. Mimi nimeomba tu."

Ameomba tu! Hapa chuoni ukitaka habari isambae usiiseme, iombee. Kabla sijafika getini, Austin, mwenyekiti wetu, alikuwa amenifikia. Unamjua, yule anayevaa tai hata Jumamosi. Akaniambia, "Sista, tumeona ni busara upumzike kidogo kuongoza, mpaka mambo ya nyumbani yanyooke. Si adhabu. Ni kifuniko, ni kukulinda."

Nikamwuliza, "Mmeona wewe na nani?"

"Roho ametusukuma."

"Basi mwambie Roho aje anisukume mimi mwenyewe, mimi niko hapa."

Sitaongoza, sawa, kipaza sauti ni chao. Lakini Jumatano ijayo nitakaa benchi la kwanza kabisa, katikati, na nitaimba nikiwa nimekaa, na tuone ni nani atasikika.

Sasa niambie ukweli. Kiuno cha Baba kiliuma siku ya harusi yangu au hakikuuma? Simu yako ni mbovu au si mbovu? Nimeolewa mbele ya Mungu na watu, nilisema "ndiyo" mpaka walio nje ya hema wakasikia. Kama kuna mtu Kitengela anasema sijaolewa, nataka kujua kwa nini, na nataka nijue kutoka kwako, si kwenye maombi.

Kavata


Kitengela
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mwiitu wakwa,

Kiuno hakikuuma. Simu si mbovu. Baba yako alisema hataki mazungumzo ya simu na wewe mpaka jambo liishe, naye husimama karibu nikipigiwa. Nikaona afadhali nikudanganye kuliko nikuharibie furaha. Nisamehe, ulikuwa unang'aa.

Nitakuambia ilivyokuwa. Siku ile walipokuja, wewe ulikuwa ndani na wasichana mnapanga vikombe. Wazee wao wakamshusha kondoo. Mzee wao akamshika Baba yako mkono akasema huyu ni wa baraka. Baba yako akashukuru. Halafu nikamwona anazunguka nyuma ya gari, anachungulia. Alikuwa anawatafuta mbuzi. Alidhani wamefungwa huko nyuma. Hakukuwa na mbuzi. Akarudi akakaa, akangoja. Watu wakanywa chai, wakaimba, wakaomba, wakapanda gari wakaenda, na yeye bado anangoja.

Wewe umekulia hapa Kitengela, umekulia kanisani, hatukukufundisha mambo haya vizuri na hilo ni letu. Kwetu Ukambani msichana haolewi bila mbuzi wa ntheo. Si mahari, mahari huja polepole miaka na miaka. Ntheo ni wale mbuzi wachache wa kwanza wanaoliwa na watu wa pande mbili, na wakishaliwa ndipo wewe ni mke wa mtu. Kondoo hawezi kusimama mahali pao. Hata wakileta kondoo ishirini.

Nilimwambia, "Si ungewauliza?" Akasema, "Mgeni yuko kwangu anakula, nimwambie alicholeta hakitoshi?" Mjomba wako Kyule akajitolea kwenda kuwaeleza. Alifika Isinya akageuka. Alisema angemwambiaje mzee wa watu, na mzee mwenyewe alikuwa amemsifu yule kondoo tangu pembe mpaka mkia. Siku ya harusi ikafika hivyo.

Sasa kondoo ndiye huyo. Baba yako hawezi kumchinja, maana akimchinja amekubali kondoo ni ntheo. Hawezi kumrudisha, maana akimrudisha amevunja ndoa yako. Anasema hamtaki lakini nimemwona asubuhi akimkatia majani ya ua kabla hajanywa chai. Nikamtazama, akasema, "Mnyama hana makosa."

Jana ameamua. Anasema urudi nyumbani, ukae hapa na uwe unakwenda chuoni kutoka hapa, mpaka watu wa Koinet waje na mbuzi wakuchukue vizuri. Ameniambia nikuandikie hivyo na nimeandika.

Mimi sisemi uje na sisemi usije. Ninasema baba yako usiku anageuka geuka.

Mama yako,
Kamene


Kajiado
Jumatatu, 24 Februari 2025

Baba,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu nimechoka kuzungumza na wewe kupitia Mama, na simu yangu huishiki.

Nimepata ujumbe wako kwamba nirudi Kitengela ningoje kuchukuliwa vizuri. Baba, sirudi.

Sisemi kwa dharau. Nasema nikiwa nimesimama wima. Mimi si mzigo uliosahauliwa stendi, kwamba nirudishwe halafu wenyewe waje na risiti. Nina nyumba. Niko na mume anayerudi kutoka kazini na mikono imechomwa na miiba ya waridi, na kitu cha kwanza anachouliza ni kama nimekula na kama nimesoma. Usiku mmoja nilikuwa na zoezi la Madam Ajwang, kuchora wanyama ishirini, na mimi sijui kuchora, unajua hata kuku wangu hufanana na birika. Koinet alikaa na mimi akachora ng'ombe. Tulipata alama nzuri za ng'ombe tu, wengine wote walikosa masikio. Huyo ndiye mtu unayesema sijaolewa naye.

Wewe ni shemasi. Tangu nikiwa mdogo nimekusikia kila Jumapili ukimwimbia Mwana-Kondoo kwa sauti nzito mpaka natamani kulia. Sasa umeletewa kondoo mlangoni na watu waliokupenda, umemfunga kwenye tangi miezi mitatu na unamnyima jina. Nisamehe, Baba, lakini nilipofikiria hilo nilicheka.

Hapa chuoni wamenitoa kuongoza nyimbo kwa sababu ya maneno yaliyotoka kwetu. Najua hukuyatuma, lakini yalifika. Jumatano nilikaa benchi la mbele nikaimba. Msichana aliyewekwa mahali pangu aliposhindwa kupandisha ubeti wa pili, watu waligeuka wakanifuata mimi. Sikufanya makusudi. Au labda nilifanya. Austin alifungua Biblia akaanza kutafuta kitu ambacho hakukipata. Imani yangu haikuanza Austin aliponipa kipaza sauti, na ndoa yangu haitaanza siku ya mbuzi.

Jambo moja nakuomba. Soila hajui. Mama mkwe wangu kila siku ananiita Paker, jina la kondoo, na ananiuliza kama yule wa baba yako anapata chumvi. Namwambia ndiyo. Akijua kwamba ulimwona si kitu, sijui nitamtazama vipi. Koinet nimemwambia, maana sitaki kulala kitanda kimoja na mtu ninayemficha. Akasema, "Kumbe tulimkosea mzee na hakutuambia." Nimemwapisha asiseme kwao.

Sirudi, Baba. Lakini mimi ni wako siku zote,
Kavata


Kitengela
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa binti yangu Kavata,

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Maneno yake ni makali. Sikukulea uwe na maneno laini, kwa hivyo sina wa kumshtaki.

Kijana wako alikuja jana. Hakuja nyumbani, alikuja kazini. Nilikuwa juu ya jukwaa, nikamwona anauliza mafundi. Nilidhani ametumwa na wazee. Akasema wazee hawajui. Nikamwambia basi angoje, simiti inakauka. Badala ya kungoja akavua koti akaanza kunipitishia mawe. Hajui kushika jiwe. Alijiponda kidole na hakusema. Mafundi walimcheka, wakamwambia, "Wewe Mmaasai, hili halina mkia wa kuvutia." Akacheka pamoja nao, akaendelea mpaka tukaweka mstari mzima.

Tulipokaa kula akaniuliza, "Baba, mbuzi wanasema nini ambacho kondoo wetu hakusema?"

Kavata, tangu mwezi wa kumi na moja hakuna aliyeniuliza hilo. Mama yako aliniambia nisamehe. Pasta aliniambia niache mila. Kyule alikimbia. Wewe umeniimbia. Yeye ameuliza. Nitawajibu ninyi wote wawili kwa pamoja kama nilivyomjibu yeye.

Shangazi yako mkubwa, wa Embulbul, aliolewa kanisani. Keki ilikuwepo, gauni lilikuwepo. Ntheo haikuliwa, ilisemekana ni mambo ya zamani. Siku mume wake alipomfukuza na watoto, babu yako alikwenda kumtetea, na mimi nilikwenda naye. Tulisimamishwa nje. Wazee wa pale wakamwuliza babu yako, "Wewe ni nani hapa? Tulikula nini pamoja?" Babu yako alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo hakuwa na hata moja.

Sitaki nyama. Nyama naweza kununua. Wewe leo unapendwa na ninaona, hata kijana nimemwona. Lakini maisha ni marefu. Siku watakapokukosea, nitakuja kusimama mlangoni kwao nikiwa nani?

Huyo ndiye baba yako Nzomo na hilo ndilo neno lake. Urudi, mbuzi waje, uende vizuri. Halijabadilika.

Mwambie kijana akiweke kidole kwenye maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni. Kucha itatoka lakini itaota nyingine.

Baba yako,
Nzomo


Kajiado
Ijumaa, 14 Machi 2025

Baba,

Kumbe alikuja kwako! Mimi aliniambia kidole kimebanwa na mlango wa chumba cha baridi. Nimemsomea barua yako mpaka mwisho, nikamtazama, naye akatazama dari. Kisha nikamkumbatia mpaka akalalamika kidole. Baba, niliolewa na mtu aliyekwenda kukupitishia mawe bila kuniambia! Nikiwa na miaka themanini nitakuwa bado nasimulia.

Habari ya Shangazi sikuijua. Nimelia. Nilimwona kila Krismasi akicheka na kugawa chapati, sikujua kuna mlango aliofungiwa na wewe ukasimamishwa nje yake.

Baada ya kusoma niliona siwezi tena kumficha Soila. Jumanne asubuhi nilikwenda kwake mapema. Akasema, "Takwenya, Paker." Sikuitikia. Nikakaa chini nikamweleza yote, mbuzi, gari, tangi la maji, yote. Mama huyu hanyamazi, Baba, huongea hata na kuku. Siku hiyo chai ilimwagikia moto mbele yake asiione.

Halafu akauliza, "Kwa hiyo baba yako alifikiri tumemletea kondoo kwa sababu hatukuwa na mbuzi?"

"Nadhani, Paker."

"Tuna mbuzi mia!" Alisimama, akatoka nje, nikamsikia anamwambia mume wake kwa Kimaa, haraka haraka, na neno la mbuzi linarudi na kurudi. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Alipoingia alikuwa amejifuta macho kwa shuka. Akaniambia, "Miezi mitatu mzee wa watu anafuga hasira yake na bado anamlisha kondoo wangu. Huyo si mtu mbaya. Huyo ni mtu ambaye hakuulizwa."

Baba mkwe alitaka kuja kesho yake. Alikuwa ameshasimama zizini anaonyesha kwa fimbo, huyu, na huyu, na yule mweusi. Watu wa huku hawabishani, wanafungua zizi. Ingekuwa rahisi sana. Leo mbuzi wangekuwa wameshafika kwako, ungekula, na mimi ningekuwa nimeolewa mara ya pili kabla ya maombi ya Jumatano, Austin angenirudishia kipaza sauti na kila mtu angesema asante Yesu.

Mimi ndiye niliyekataa.

Usikunje karatasi, soma kwanza. Niliwaomba wangoje, na wamekubali, ingawa baba mkwe anasema hajawahi kumsikia bibi harusi anayezuia mbuzi wake mwenyewe. Nimekataa kwa sababu mbuzi wakitangulia, maisha yangu yote nitajiuliza ulimfungulia nani mlango, mimi au wao.

Umeniuliza utakuja ukiwa nani. Nina jibu, na sikulitafuta mbali. Utakuja ukiwa baba yangu. Wale waliomsimamisha babu nje walikuwa waongo, Baba. Hawakukosa mbuzi, walikosa aibu. Mtu anayetaka kumfukuza mke atauliza tulikula nini hata kama mlikula zizi zima. Babu alikosa neno siku ile, lakini wewe hutakosa, maana nakupa sasa. Ukifika mlangoni kwa yeyote ambaye amenikosea, awe Koinet, awe nani, sema, "Mimi ni Nzomo, na huyo ni Kavata wangu." Wakikuuliza la pili, niite mimi. Nitatoka nikiwa na vitu vyangu na sauti yangu, na unajua sauti yangu.

Na sirudi kungoja. Hilo nalo halijabadilika. Tumefanana, Mama amesema hivyo tangu nikiwa na miaka mitatu.

Koinet anasema mbuzi ni haki yako na watakuja, kwa heshima, na wazee, siku utakayoitaja wewe. Mimi sipingi tena ntheo, sasa naijua ilikotoka. Mjomba Kyule asitumwe tu. Lakini si mwezi huu. Mwezi huu tunakuja sisi. Jumamosi ile ya mwisho, kabla mwezi haujakwisha, mimi na mume wangu, mikono mitupu, hata sukari hatubebi. Tutapiga hodi. Ukitufungulia tutaingia, na usipotufungulia tutakaa hapo nje tukiimba mpaka ploti nzima itoke. Mwambie Mama apike chapati za watu wanne.

Binti yako, mke wa Koinet,
Kavata